Kijiko Kimoja kwa Kila Raia

Hadithi hii ni ya uongo, na ninaomba isomwe hivyo. Nchi yenyewe ni ya uongo, waziri wake ni wa uongo, kijiko chake ni cha uongo, na msomaji atakayejikuna akidhani ameguswa basi naye ni wa uongo. Nchi hiyo iliitwa Jamhuri ya Toshekeni, na ilisifika ulimwenguni kwa kitu kimoja tu, nacho ni adabu.

Watoshekeni walikuwa na adabu ya kupita kiasi, hasa mbele ya chakula. Ukimkuta mtu anakula akakwambia karibu, unasema starehe. Akikukaribisha tena unasema nimetoka kula sasa hivi, hata kama tumbo linanguruma mpaka paka anageuka kutazama. Akikukaribisha mara ya tatu ndipo unakaa, unanawa, unamega kidogo kidogo, unabakiza. Ukiulizwa, unajibu, "Nimeshiba, ahsante." Si kwamba unajibu hivyo kwa kuwa umeshiba. Unajibu hivyo kwa kuwa una mama aliyekulea.

Adabu hiyo ilikuwa na nusu ya pili, nayo ilikuwa ya mwenyeji. Mwenyeji hafuniki chungu wala hanyanyuki mkekani mpaka mgeni atamke mwenyewe kwamba ameshiba. Mgeni akisema bado, anaongezwa, na akisema bado tena, anaongezwa tena. Lakini kwa vile mgeni mwenye adabu hasemi bado, nusu hii haikuwahi kumgharimu mtu hata punje ya wali, na watu walikuwa wameanza kuisahau.

Bi Sikitu binti Haji hakuisahau. Huyu alikuwa mpishi wa shughuli mtaa wa Kisimani: harusi zake, hitima zake, maulidi yake. Kabla ya kila shughuli aliwakusanya watoto wa mtaa kwenye mkeka wake akawafundisha namna ya kula mbele za watu, na aliyesema bado alifinywa paja. "Heshima si utumwa," aliwaambia. "Haikupunguzii kitu." Nusu ya Baraza la Mawaziri ilipita kwenye mkeka huo, akiwemo Mheshimiwa Vuai Ngwali, Waziri wa Chakula, Vionjo na Matumaini, ambaye enzi hizo alikuwa na kamasi na hajui kufunga kaptula yake.

*

Huenda msomaji anashangaa ni nchi gani yenye waziri wa vionjo. Basi tuieleze historia, maana wenyewe wanaifundisha shuleni, ila wanaifundisha kinyumenyume.

Hapo kale kionjo kilikuwa cha muuza machungwa. Ulisimama mbele ya fungu lake ukamuuliza kama ni matamu, naye hakubishana nawe. Alimenya moja, akakukatia kipande, akakutazama usoni. Nyuma ya kipande kulikuwa na chungwa, nyuma ya chungwa kulikuwa na fungu, nyuma ya fungu kulikuwa na tenga zima. Bi Sikitu naye aliwaonjesha watu pilau yake vivyo hivyo, kidogo kiganjani, na sufuria inatokota pale pale mtu anaiona. Hicho ndicho kionjo cha haki. Kina kitu kizima nyuma yake.

Kisha ikaja Kampuni. Iliitwa Ladha na Wanawe, ilitoka mbali, na kwa kuwa mgeni njoo mwenyeji apone, watu waliipokea kwa vigelegele. Ilianza na chai. Iliweka meza sokoni, ikatandika kitambaa cha njano, ikapanga wasichana wenye kofia za njano na tabasamu la kufundishwa, na kila mpita njia akapewa kikombe cha bure chenye sukari ya kuumiza meno. Watu ambao tangu mababu zao walikunywa uji asubuhi wakaanza kunywa chai. Walipofika mahali ambapo bila chai kichwa kinawagonga na macho hayafumbuki, meza ikaondolewa, na pale ilipokuwa pakajengwa duka. Wakafanya hivyo kwa mafuta ya kopo. Wakafanya hivyo kwa mchuzi wa vidonge. Wakafanya hivyo kwa maziwa ya unga, ambayo waliyagawa bure wodi ya wazazi mpaka matiti ya wanawake yakakauka, na yalipokauka bure nayo ikakauka. Muonja asali haonji mara moja, walisema wahenga kwa kuonya. Kampuni iliyachukua maneno hayo ikayatundika ukutani ofisini kwake, kwa herufi za dhahabu.

Wahenga hao hao walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu Kampuni ilipewa ardhi, na jembe wakapewa wenyeji.

Serikali iliyatazama mambo haya kwa wivu wa mwanafunzi. Iliona kwamba mtu unaweza kumpa kidogo kabisa na bado akasema ahsante, na tangu siku hiyo ikaanza kutawala kwa vionjo. Wananchi walionjeshwa barabara, yaani kipande cha lami mbele ya ofisi ya mkuu wa wilaya, kilichoanza bila sababu na kuisha bila kwaheri. Walionjeshwa maji, bomba likatema siku ya uzinduzi, likakohoa, likanyamaza. Walionjeshwa hata uchaguzi, asubuhi moja, mpaka saa nne. Na kila walipomaliza kuonja waliulizwa wameonaje, nao wakajibu kama walivyolelewa.

*

Mvua ilipogoma, hakukuwa na mahindi katika maghala ya taifa. Yaliwahi kuwapo. Waziri Vuai aliyauza mwaka wa neema, akaiuzia Kampuni, "ili yasioze." Kampuni iliyasaga, ikayatia rangi na harufu ya ndizi, ikayafunga katika pakiti zenye picha ya mtoto mnene wa nchi nyingine, na kuyapanga katika bohari yake pale pale Kisimani yakisubiri meli. Kwa hiyo njaa ilipoingia, chakula hakikuwa kimekwisha. Kilikuwa kimevaa nguo za safari.

Watu walipoanza kuanguka njiani, Waziri alilihutubia taifa redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "serikali yenu sikivu haiwezi kuwalisha chakula ambacho hamjakionja. Huo ungekuwa udikteta. Kwa hisani ya wenzetu wa Kampuni, tunaanza na Kionjo cha Taifa: kijiko kimoja cha uji kwa kila raia, bila ubaguzi wa dini wala kabila. Mkisha kuonja, tutawasikiliza. Mteja ni mfalme."

Meza za njano zikatandikwa nchi nzima. Watu walipanga foleni tangu alfajiri, wazee mbele, wajawazito wakifuata, kila mtu akipisha mwenzake. Kila aliyemeza kijiko chake alisogezewa kipaza sauti cha Redio Toshekeni na kuulizwa ameonaje.

"Mtamu, mwanangu," alisema mzee mmoja aliyekuwa ameshikiliwa na wanawe asidondoke. "Nimeshiba, ahsante. Mungu awazidishie."

"Nimeshiba," alisema aliyemfuata. "Ahsante," alisema wa tatu. Siku kutwa taifa zima lilisikia taifa zima likisema limeshiba. Hapakuwa na aliyeshiba hata mmoja, lakini wangesemaje vingine, mbele za watu, redioni, na mama zao wanasikiliza?

Baraza la Mawaziri likakutana juu ya biriani ya mbuzi kuyajadili maoni hayo. Profesa mmoja wa lishe, aliyesomeshwa na Kampuni, alieleza kwamba tumbo la Mtoshekeni ni la aina yake, limejaaliwa ufanisi usioonekana kwa mataifa makubwa, na kumpa mwenye tumbo la namna hiyo kijiko cha pili ni kumtia maradhi. Ikapitishwa. Kijiko kimoja kwa siku, na unga uliobaki usubiri meli. Adui muombee njaa, husema watu; serikali hii haikuwa na adui, basi ikawaombea watu wake.

Mzee Makungu, fundi cherehani aliyepakana ukuta na Bi Sikitu, alimeza kijiko chake asubuhi moja, akasema nimeshiba ahsante, akafika kizingitini kwake akaanguka. Hakuinuka tena. Daktari wa wilaya aliandika kuwa marehemu amekufa kwa shibe, maana marehemu alitamka mwenyewe, na kumpinga marehemu si adabu.

Hitima ilisomwa nyumbani kwa Bi Sikitu. Ilikuwa hitima ya kwanza maishani mwake isiyokuwa na chakula. Watu walikaa mkekani, wakapewa maji, wakanywa, na walipoondoka kila mmoja alimshika mkono akamwambia, "Tumeshiba, Bi Sikitu, ahsante sana." Alisimama mlangoni akiitikia ahsanteni, ahsanteni, na kitu kikawa kinamchoma kifuani ambacho hakikuwa kiungulia. Ilikuwa hasira, na kwa kuwa hakuizoea, alidhani anaumwa.

*

Bi Sikitu alikuwa na mjukuu, Mashavu, mtoto wa miaka mitano. Jina hilo alipewa siku za neema, alipozaliwa na uso wa duara ambao kila mtu alitaka kuubana. Mama yake alikwenda nchi za watu kufanya kazi za ndani, na kutoka huko zilikuja salamu mara mbili, kisha hazikuja. Sasa yale mashavu yalikuwa yamebaki kwenye jina tu. Nywele za mtoto zilianza kuwa nyekundu, miguu ikavimba, na lililomtisha Bi Sikitu kuliko yote ni kwamba mtoto alikuwa ameacha kulia.

Kila jioni Bi Sikitu alimbakizia nusu ya kijiko chake mwenyewe, akikileta kutoka mezani ndani ya kifuniko cha chupa. Mashavu alilamba, akakunja mikono mapajani kama alivyofundishwa, akasema, "Nimeshiba, bibi. Ahsante."

"Sema kweli, mjukuu wangu."

"Nimeshiba, bibi."

Bi Sikitu alimtazama mtoto huyu aliyemlea kwa mikono yake, akaona kwamba kazi yake ameifanya vizuri mno. Alimfunga kanga mgongoni akaenda naye kwenye meza ya njano. Alihudumu hapo msichana aitwaye Raya, mtoto wa mtaa ule ule, aliyekuwa akila harusi zote za Bi Sikitu.

"Raya, mwanangu, ninaomba kijiko kingine kwa ajili ya huyu."

Raya aliangalia huku na huku. "Bibi, kijiko cha pili ni cha wale ambao hawakushiba. Na wewe jana ulisema umeshiba, tumekusikia redioni."

"Nilisema kwa adabu."

"Ndiyo, bibi. Lakini utaratibu hauna mahali pa adabu. Mtu akitaka kijiko cha pili lazima alete cheti cha mjumbe wa mtaa, kinachothibitisha kwamba hana adabu, ili lile neno lake la kushiba lihesabiwe kuwa la uongo."

Bi Sikitu akaenda kwa mjumbe. Mjumbe, Mzee Shaha, alisoma maombi yake mara mbili, akavua miwani, machozi yakamlenga. "Bi Sikitu," alisema, "mimi nitaandikaje kwamba wewe huna adabu? Mkono huu ulifundishwa na wewe kushika tonge. Omba kitu kingine chochote, hiki hapana, nitalaaniwa." Na kwa heshima kubwa akamsindikiza mpaka njiani, yeye na mjukuu wake mgongoni, mikono mitupu.

*

Siku ya tatu yake magari meusi yalisimama mlangoni kwa Bi Sikitu. Mheshimiwa Vuai alishuka, mnene, anang'aa, ananukia udi.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ingawa sina cha kukukaribishia."

"Starehe, Bi mkubwa, nimeshiba," alijibu Waziri. Alikuwa mtu pekee katika jamhuri nzima aliyekuwa akisema kweli.

Alieleza lililomleta. Ijumaa itakuwa Sikukuu ya Kijiko. Kutakuja mgeni kutoka ng'ambo, Bwana Mnunuzi, ambaye nchi yake pia ina maskini, na amesikia habari za watu wanaoshiba kwa kijiko kimoja. Anataka kuununua utaalamu huo. Kampuni imeomba shughuli iwe ya kienyeji: mkeka, sufuria ya shaba, mwenyeji na mgeni wake. Waziri atakuwa mwenyeji. Na nani mwingine awe mgeni wa mkekani, kama si Bi Sikitu, mama wa adabu za taifa?

"Utaonja, utasema maneno yako yale mazuri, basi. Na mjukuu wako aje, wageni wanapenda watoto." Akaonyesha kwa kidole dirishani. Kwenye kiti cha nyuma cha gari lilikuwapo boksi zima la unga. "Lile ni lake. Litabaki kwenye gari mpaka baada ya sherehe, kwa usalama wako. Watu wana njaa siku hizi." Akakohoa. "Yaani wana hamu."

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini bei yake anaijua. Bi Sikitu alilitazama lile boksi kama anavyotazama mtu aliye kisimani kamba inayoteremshwa. Maneno mawili tu, maneno aliyoyasema maisha yake yote bila kulipwa.

"Nitakuja," alisema.

*

Ijumaa uwanja wa bohari ulijaa. Jukwaa lilijengwa mbele ya milango ya bohari yenyewe, ili Bwana Mnunuzi akitoka kwenye utamaduni aingie kwenye biashara bila kuchafua viatu. Katikati ya jukwaa ulitandikwa mkeka, na juu ya mkeka ikawekwa sufuria kubwa ya shaba inayofuka mvuke. Watu waliokuwa nyuma walinyoosha shingo. Ilikuwa sufuria ya kulisha mtaa.

Waziri alihutubia kwa muda mrefu. Alisema kwamba mataifa mengine yameshindwa kuondoa njaa kwa sababu yalihangaika na chakula, wakati Toshekeni imehangaika na mtazamo. Alisema kijiko ni mwanzo, na kwamba wataalamu wako mbioni kugundua nusu kijiko. Mwanamke mmoja alianguka katikati ya hotuba, na waliokuwa karibu walimshika bila kelele, ili wasimkatize Waziri.

Kisha Waziri akavua viatu, akakaa mkekani kama mwenyeji, akachota uji.

"Tuanze na mtoto," alisema, akitabasamu kwa wapiga picha.

Mashavu alifungua kinywa. Alimeza. Alikunja mikono yake miwili mapajani, vidole kama njiti, akasema kwenye kipaza sauti kwa sauti nyembamba isiyo na kosa hata moja, "Nimeshiba. Ahsante."

Jukwaa likalipuka kwa makofi. Mabalozi walisimama. Bwana Mnunuzi alifuta machozi kwa leso. Mwakilishi wa Kampuni alimnong'oneza mwenzake kwamba sura ile itafaa kwenye pakiti, ikinenepeshwa kidogo na fundi wa picha.

Bi Sikitu aliyasikiliza makofi yale. Alikuwa amekuja na maneno yake mawili tayari mdomoni, kwa ajili ya lile boksi. Lakini watu hawa walikuwa wanampigia makofi mtoto kwa kuwa anakufa vizuri. Na adabu wanayoipigia makofi ni yeye aliyemfundisha, kwa kumfinya, akimwambia haitampunguzia kitu. Ilikuwa imempunguzia kila kitu. Ile iliyokuwa ikimchoma kifuani tangu hitima ya Mzee Makungu ikapanda mpaka kooni, na safari hii hakudhani anaumwa.

Waziri alimlisha kijiko chake. "Na wewe, Bi mkubwa wetu," alisema, "umeonaje? Umeshiba?"

"Bado," alisema Bi Sikitu.

Uwanja mzima ukasikia bendera zikipepea. Ni neno ambalo hakuna mtu mzima aliyekuwa amelisikia likisemwa hadharani. Uso wa Waziri ulikuwa haujaelewa, lakini mkono wake ulifundishwa zamani, kabla ya uwaziri, na mkono ukatangulia. Ulichota ukampa.

"Bado."

Bwana Mnunuzi alimwinamia mkalimani wake kuuliza bibi anasema nini. "Anasema ni mtamu sana," alijibu mkalimani, ambaye naye alikuwa na watoto.

Waziri alichota tena, na kijiko kikakwaruza. Kipaza sauti kiliuchukua mkwaruzo ule kikausambaza nchi nzima. Chini ya uji ule, uliokuwa na kina cha ncha ya kidole, kulikuwa na sahani ya bati iliyochomelewa karibu na mdomo wa sufuria na kutobolewa pembeni. Chini ya bati, maji ya moto, ya kutoa mvuke. Hata sufuria ilikuwa kionjo cha sufuria.

Waziri aliinyoosha shingo, akakishika kifuniko cha sufuria ili aifunike.

"Vuai, mwanangu," Bi Sikitu alisema, na hakupaza sauti. "Mwenyeji hufunika chungu wakati gani?"

Mkono wa Waziri ukasimama hewani. "Mgeni akisema ameshiba," alijibu, kwa sauti ya mtoto mwenye kamasi.

"Mimi nimesemaje?"

"Umesema bado."

"Basi ongeza."

"Bi mkubwa," Waziri alinong'ona, jasho linamtiririka, "tusiaibishane mbele ya mgeni."

"Mgeni ni mimi," alisema Bi Sikitu. "Nimekaa kwenye mkeka wako."

Mzee Shaha, yule mjumbe, akapanda jukwaani akijikongoja. Alivua makubadhi, akakaa mkekani mwa Waziri, akakunja miguu. "Na mimi bado," alisema. Raya alivua kofia yake ya njano, akaiweka pembeni, akakaa. "Bado." Aliyefuata alikuwa mjane wa Mzee Makungu. Watu wakaja mmoja mmoja, wakivua viatu, wakipishana, na kila aliyekaa alilisema lile neno kwa upole kama mtu anayeitikia salamu. Mkeka ukajaa, jukwaa likajaa, wengine wakakaa mchangani, nao wakasema bado.

Waziri aliwatazama askari. Askari walikitazama kile kifuniko mkononi mwake. Na huko mjini, kila mtu aliyejua chochote alijua kwamba mama mzazi wa Waziri hakosi redio siku ya Ijumaa.

"Fungueni bohari," alisema Mheshimiwa Vuai.

Si huruma iliyomtuma. Huruma aliwahi kuionja zamani, hakuipenda. Ilikuwa aibu, na aibu ndiyo chakula pekee ambacho nchi ile ilikuwa bado inakigawa kwa wote sawasawa.

*

Redio ilitangaza baadaye kwamba wahuni wasiojulikana wamevamia bohari ya mwekezaji. Wahuni hao walivua viatu mlangoni. Walitanguliza wagonjwa na wenye mimba, wakapokezana mabegani magunia ya pakiti mpaka mitaa ya mbali kabisa, na walipomaliza walifagia. Waliyatambua mahindi yao chini ya ile harufu ya ndizi, na kuna waliokaa chini wakalia kwa hasira, na hakuna aliyewaambia wanyamaze. Waziri naye aliachwa pale pale mkekani, kifuniko mkononi, maana Bi Sikitu alijiondokea bila kusema ameshiba.

Aliwahi nyumbani akawasha moto. Akakoroga uji mwepesi, kwa kuwa tumbo lililosahau kula hukumbushwa taratibu, akauchota kwa upawa, akaupoza kwa kupuliza. Mashavu alikunywa kidogo, akapumzika, akanywa tena. Kisha akakunja mikono mapajani.

"Nimeshiba, bibi. Ahsante."

Bi Sikitu hakukifunika chungu. Alikaa chini kwenye mchanga wa ua, uso kwa uso na mtoto. "Kweli," aliuliza, "au adabu?"

Mashavu aliitazama mikono ya bibi yake mapajani, pale vidole vya kufinyia vinapotoka. Vidole havikutoka. Alifikiri sana.

"Adabu, bibi."

Bi Sikitu akaongeza. Machozi yalikuwa yanamtoka, nayo akayaacha yatoke.

Alikuwa bado anapuliza upawa wakati askari watatu walipoingia uani, waliotumwa kutoka makao makuu na amri ya kumkamata kwa kosa la kutoshiba hadharani. Walikuwa vijana warefu, na mikanda yao imetobolewa matundu mapya ili ifike. Waliisoma amri. Walipofika katikati, mvuke wa chunguni uliwapita puani, na yule aliyekuwa akiisoma akapoteza mstari.

"Karibuni tule," alisema Bi Sikitu.

"Starehe, bibi," alisema mkubwa wao. "Tumeshiba, ahsante."

Mashavu aliutoa mdomo kwenye upawa akawatazama mmoja mmoja, bunduki, mikanda na yote.

"Kweli," aliwauliza, "au adabu?"

Wale wawili walimwangalia mkubwa wao. Mkubwa wao aliitazama ile karatasi mkononi mwake, akakitazama chungu.

"Adabu," alisema. Akaiegemeza bunduki ukutani, akainama kufungua kamba za buti.